Uzi maalumu: kwa nini madila hawadumu kwenye kasino zetu?

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tangazo lilelile linarudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: kasino fulani hapa Dar inatafuta madila, yaani wagawa karata na waendeshaji wa meza za michezo, wasichana kwa wavulana, umri kuanzia miaka 18, Kiingereza cha kuelewana, mafunzo bure. Vijana wanajaa mlangoni. Mwaka haujaisha, tangazo liko hewani tena. Wenye kasino wanalalamika kwamba hakuna watu. Mimi nimekuwa dila, nikawa inspekta anayewasimamia madila mezani, sasa nafundisha, na nasema watu wapo tele. Wanaondoka, na wanaondoka kwa sababu zinazojulikana. Naomba tuzijadili bila kuficha.

Kwanza hesabu, maana walio nje hawajui biashara hii inavyokula watu. Meza moja ikiwa wazi saa 24, ni saa 168 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Gawanya, unapata karibu watu 4. Lakini dila hawezi kugawa karata zamu nzima mfululizo, akili inachoka na makosa yanaanza. Tuseme kila saa moja ya kazi anapumzika dakika 20 na mwenzake anashika meza: hapo ni watu 5. Ongeza likizo ya siku 28 kwa mwaka, wagonjwa, waliojifungua, na aliyeamka leo akaamua harudi tena. Meza moja, watu 6. Bado hujaweka inspekta, pitibosi anayesimamia kundi la meza, keshia, watu wa chumba cha kamera, walinzi na jikoni. Kasino ya meza 10 ni kijiji kizima, na hata ile inayofunga alfajiri bado inahitaji umati.

Pili, mtu huyu hapatikani sokoni akiwa tayari. Dila anatengenezwa. Mafunzo huchukua wiki kadhaa hadi miezi, na sehemu kubwa ni hesabu za kichwa. Mfano wa ruleti, mchezo wa gurudumu la namba na mpira: mchezaji ameweka chipu moja (kidonge cha kasino kinachotumika badala ya pesa) juu ya namba 17, moja kwenye kila mstari kati ya mistari minne inayoigusa, na moja kwenye kila kona kati ya kona zake nne. Namba imetoka. Unalipa 35 kwa chipu ya namba yenyewe, jumlisha 17 mara 4 kwa zile za mistari, jumlisha 8 mara 4 kwa zile za kona. Jibu ni 135, na dila aliyeiva halipigi hesabu, analiona. Sasa mchezaji mwingine ana chipu 3 juu ya namba yenyewe na 2 kwenye kila mstari: 105 na 136, jumla 241. Watu wanane wamezunguka meza, wengine wamelewa, mmoja anapiga kelele kwamba umemdhulumu, kamera iko juu ya kichwa chako, na mpira lazima uzunguke tena. Nimeona vijana wenye digrii wanashindwa, na nimeona aliyeishia kidato cha nne anang'aa. Vyeti havitabiri chochote hapa.

Sasa kwa nini wanaondoka? Sababu ya kwanza ni ngazi. Ukishakuwa dila mzuri, unakuwa inspekta. Ukishakuwa inspekta, umefika mwisho. Kuanzia pitibosi kwenda juu, kwenye kasino nyingi nilizozijua, viti ni vya wageni. Anakuja mtu mpya kutoka nje, wewe ndiye unayemfundisha majina ya wateja na tabia zao, kisha yeye ndiye anayekuandikia onyo. Na mshahara wake unaujua, kwa sababu karatasi huwa hazifichiki. Wenzangu wawili niliokuwa nao mafunzoni, wazuri kuliko mimi, waliacha kwa hili tu.

Sheria ipo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa yule mgeni, na kibali cha kazi cha asiye mwekezaji kina ukomo wake, hakiongezwi milele. Kwa hiyo kila kiti cha pitibosi mgeni kinatakiwa kiwe na mrithi mwenye jina kwenye faili. Ulizeni kazini kwenu jina hilo ni la nani.

Sababu ya pili nitaiacha dada zetu waiseme wenyewe, wanaijua kuliko mimi.

---

BintiKigamboni

Kaka, asante kwa kuileta. Nilikuwa dila, nimeacha.

Sababu ya pili ni saa kumi alfajiri. Zamu imeisha, umevaa sare ya kazi chini ya koti, daladala hakuna, pantoni bado, na gari la ofisi linashusha watu kwenye barabara kubwa tu. Kutoka barabara kubwa hadi nyumbani unatembea peke yako. Bodaboda akikuchukua anataka kujua unatoka wapi usiku huo, na ukimwambia unatoka kasino anaanza kukuzungumzia kama mwanamke wa aina nyingine. Mwenye nyumba wangu aliniambia hataki mpangaji anayeingia na adhana ya alfajiri. Mama yangu aliambiwa na majirani kwamba mwanao amepotea. Mimi nilikuwa nagawa karata, mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu wawili.

Wanaoajiri wanataka wasichana kwa wingi, wanasema wateja wanapenda. Basi kama unamtaka msichana mezani usiku, mfikishe mlangoni kwao. Si kwenye barabara kubwa. Mlangoni. Gharama ya dereva na mafuta ni ndogo kuliko kumfundisha mwingine kuanzia mwanzo.

Jambo jingine, kuna wateja wanaodhani chipu waliyokurushia kama tipu imekununua. Ukilalamika kwa inspekta unaambiwa huyo ni mteja mkubwa, vumilia. Niliuvumilia ulevi na matusi, ila kushikwa mkono sikukubali.

---

ZamuYaUsiku

Dada BintiKigamboni, umesema kweli tupu. Niongeze tu kwamba sheria ileile ya 2004 inataka kila saa ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ilipwe nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Na mjamzito hatakiwi kupangwa zamu ya usiku kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Wengi hawazijui haki hizi, na kwenye karatasi ya mshahara hiyo 5 huwezi kuiona imeandikwa mahali. Hata ikilipwa, kwangu mimi ni ndogo mno kwa kazi ambayo karibu yote ni ya usiku.

---

MzeeWaUpanga

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini. Mimi nilikuwa upande wa uongozi, nimestaafu. Naomba niseme ya upande wetu bila ugomvi.

Kasino ni biashara ya pesa taslimu inayopita mikononi mwa vijana wanaolipwa kidogo kulinganisha na kile wanachokigusa. Ndiyo maana sare haina mifuko. Ndiyo maana dila akiondoka mezani anapiga viganja na kuvigeuza juu na chini mbele ya kamera. Dila akishirikiana na mchezaji, anaweza kumlipa dau lililopotea au kumwachia aweke chipu baada ya mpira kutua, na hasara ya usiku mmoja ikawa mshahara wa mwaka wa watu kadhaa. Kuajiri mtu kwangu kulikuwa ni kuulizia huko anakotoka, ana madeni gani, anacheza kamari au hachezi, ndugu zake ni nani. Na hata Bodi ya Michezo ya Kubahatisha haimwangalii mwenye kasino peke yake, wafanyakazi nao wanaombewa leseni. Waombaji mia ukiwachuja hivyo, wanabaki wachache.

Mgeni alikuwa na faida moja: hakuwa na binamu yake anayekuja kucheza. Mji wetu ni mdogo, kila mtu anajuana. Hilo ndilo lilikuwa linatutia hofu kumpandisha kijana wa hapa.

Kuhusu mafunzo, tulikuwa tunamfundisha kijana, anaiva, jirani anaongeza kidogo anamchukua. Tukaanza mikataba ya kumfunga arudishe gharama akiondoka mapema. Haikusaidia sana, nakiri. Anayebaki kwa sababu ya deni hagawi karata vizuri.

---

ZamuYaUsiku

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru umeingia, maana upande wenu huwa kimya.

Hoja ya binamu naielewa, lakini tazama Macau, mji wa kasino ulio chini ya China. Huko kuna kasino zinazoingiza pesa kuliko Las Vegas kwa mbali, mwaka 2013 mapato yao yalipita bilioni 360 za pataca, pesa ya huko. Mji una watu laki sita na kitu, ndugu kwa ndugu, jirani kwa jirani. Na pamoja na hayo serikali yao haikubali mgeni ashike kazi ya udila. Ni mkaazi wa Macau peke yake. Kampuni kubwa za Marekani zilipoingia baada ya ukiritimba kufunguliwa mwaka 2002, zilikuta sharti hilo na zikaliishi. Udanganyifu wanaudhibiti kwa kamera, kwa kubadilisha madila meza kwa meza, na kwa sheria iliyoanza Desemba 2019 inayomkataza mfanyakazi wa kasino kuingia ukumbi wa michezo akiwa hayuko zamu, isipokuwa zile siku chache za mwaka mpya wa Kichina.

Sisemi Macau hawana tabu. Mshahara wa udila ulikuwa mzuri mno kiasi kwamba vijana waliacha shule kuufuata, biashara ndogondogo zikakosa watu, na mwaka 2012 wakapandisha umri wa kuingia au kufanya kazi kasino kutoka miaka 18 hadi 21. Uhaba wao unatokana na mji kuwa mdogo na malipo kuwa makubwa. Wa kwetu unatokana na malipo madogo na ngazi iliyokatwa. Dawa haiwezi kuwa moja, ila hofu ya binamu wao wameshaonyesha kwamba inatibika.

---

MwanaWestlands

Niko Nairobi. Hapa kwetu kuna sababu nyingine hamjaitaja: kijana haoni kama hii sekta itakuwepo kesho. Mwaka 2019 tuliona wenyewe. Mwezi Mei, Fred Matiang'i aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani alitia saini wakurugenzi 17 wa kigeni wa kampuni za kamari wafukuzwe nchini, na kabla mwaka haujaisha SportPesa ikasimamisha shughuli zake Kenya kwa sababu ya vita vya leseni na ushuru. Mamia ya watu walibaki bila kazi. Hiyo ni ya kubashiri mechi, si kasino ya meza, lakini mzazi hatofautishi. Ukimwambia umepata kazi kwa kasino anakuuliza, wakifunga kesho utakula nini?

Sasa tuna sheria mpya ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na mamlaka mpya ya kusimamia. Kila sheria ikibadilika, waajiri wanangoja, wanaajiri kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Dila wa miezi mitatu anakuwa anatafuta kazi nyingine akiwa hapo hapo mezani.

---

MsafiriNevada

Nawasoma nikiwa Las Vegas. Mimi si dila, niko upande wa hoteli, ila nakaa na madila. Hapa Waethiopia ndio ndugu zetu wa Afrika Mashariki walio wengi, hadi kaunti ikatenga eneo likaitwa Little Ethiopia mwaka 2023, na wengi wao wamepitia kasino.

Mshahara wa msingi wa dila hapa uko karibu na kima cha chini. Anachoishi nacho ni tipu, na mahali pengi tipu zinakusanywa pamoja zikagawanywa. Mwaka 2006 kasino ya Wynn iliamua wasimamizi nao wapate sehemu ya tipu za madila, kwa sababu wasimamizi walikuwa wanapata kidogo kuliko wanaowasimamia na hakuna dila aliyetaka kupandishwa cheo. Madila walikasirika, mwaka uliofuata wakapiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo hapa ngazi iko wazi ila watu hawaitaki, kwenu watu wanaitaka ila imefungwa.

Halafu janga la korona. Machi 2020 kasino zote za Nevada zilifungwa, zikafunguliwa tarehe 4 Juni. Aprili mwaka huo watu karibu 30 kati ya kila 100 wa nguvukazi ya jimbo hawakuwa na kazi. Ziliporudi, wapo wengi ambao hawakurudi tena. Walishagundua kuna kazi za mchana.

---

KijanaWaMbagala

Wakuu, samahani kukatisha mada. Mleta uzi, naomba ushauri wako haraka. Nimepata nafasi ya kazi kasino Thailand, kitengo cha huduma kwa wateja, dola 1,500 kwa mwezi, tiketi wananikatia wao, visa nitaingia ya utalii kisha watabadilisha hukohuko. Usaili ulikuwa wa WhatsApp, dakika chache tu. Nisafiri?

---

ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, usipande ndege. Soma hadi mwisho.

Thailand haina kasino hata moja halali. Hakuna. Anayekuambia unakwenda kufanya kazi kasino ya Thailand anakudanganya kwa sentensi yake ya kwanza. Kinachotokea ni hiki: unapokelewa Bangkok, unapakiwa gari hadi mpakani Mae Sot, unavushwa mto Moei usiku, unajikuta Myawaddy, Myanmar, ndani ya majengo yenye ukuta na walinzi wenye bunduki. Pasi yako wanaichukua. Kazi yako ni kutapeli watu mtandaoni kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji wa uongo. Usipofikisha lengo unapigwa. Ukitaka kutoka, ndugu zako wanatakiwa walipe. Mwaka 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema angalau watu 120,000 huenda wanashikiliwa hivyo Myanmar, na wengine kama 100,000 Cambodia. Februari 2025 kundi la watu zaidi ya 250 walivushwa kutoka Myawaddy kurudishwa Thailand, Waethiopia wakiwa wengi, na Wakenya wakiwemo.

Wanatumia jina la kasino kwa sababu wanajua vijana wetu wamesikia kwamba dila mzuri anaweza kwenda nje, na kweli anaweza. Meli za kitalii zinachukua madila. Studio za ruleti ya mtandaoni huko Latvia na Georgia zimejaa vijana, ingawa wale wa Tbilisi waligoma Julai 2024 wakilalamikia mishahara na mazingira, kwa hiyo napo pana yake. Lakini mwajiri wa kweli atataka akuone ukigawa. Atakuweka mezani, atakutupia chipu za picha, yaani chipu zilizopangwa juu na kando ya namba kama ule mfano wa 17, atakupima kasi ya kulipa. Mtu anayekupa kazi ya kasino bila kukuuliza 17 mara 8 hatafuti dila.

Nipigie picha ya huo mkataba unitumie faragha, na leo hii mwambie mama yako kila kitu ulichotuambia hapa.

---

KijanaWaMbagala

Nimekusoma kaka. Walikuwa wananiharakisha, wanasema ndege ni Jumamosi. Nimemwambia mama. Siendi.

---

BintiKigamboni

Alhamdulillah. Mdogo wangu, usifute hizo meseji, zipeleke polisi, wapo wengine wamekatiwa tiketi ya Jumamosi hiyohiyo.

---

AbuuSwafi

Nimeufuatilia uzi wote. Kwangu mimi kamari ni haramu na mshahara wake una maswali, sitalificha hilo. Lakini hao mabinti wanaoshushwa barabara kubwa alfajiri ni mabinti zetu, na hilo la mlangoni naliunga mkono. Waajiri wajue pia kwamba kijana wa nyumba yenye dini anaingia kazini huku moyo wake umegawanyika, na siku atakayopata kazi ya dukani kwa nusu ya mshahara ataondoka. Hilo hamtalirekebisha kwa posho.

---

ZamuYaUsiku

Sheikh, nimelipokea kwa heshima. Ni kweli tupu, nimeshawapoteza wanafunzi wazuri kwa sababu hiyo na sikuwahi kujaribu kuwarudisha. Ndiyo maana nasema usaili uanze na ukweli: hii ni kamari, ni usiku, kuna moshi na pombe, nenda kazungumze na wazazi kisha urudi. Anayerudi baada ya hapo huwa anadumu.

---

PwaniMuscat

Niko Omani. Huku tunasikia habari za Ras Al Khaimah, kwamba Imarati wanafungua kasino. Ni kweli, au nayo ni kama ya Thailand?

---

ZamuYaUsiku

Hiyo ni ya kweli. Imarati waliunda mamlaka ya kusimamia michezo ya kubahatisha mwaka 2023, na Oktoba 2024 Wynn wakapewa leseni kwa mradi wao wa kisiwa cha Al Marjan, hukohuko Ras Al Khaimah, vyumba zaidi ya 1,500, ufunguzi unatarajiwa 2027. Nchi haina dila hata mmoja aliyekulia hapo, kwa hiyo watachota kila mahali, na nina hakika wakala wa uongo nao wameshaanza kuandika matangazo yao. Ukiona nafasi, nenda kwenye ukurasa wa ajira wa kampuni yenyewe. Wakala akikutaka pesa ya kukuombea kazi, muulize leseni yake: kwa Tanzania iulizie ofisi za kazi, kwa Kenya NEA, mamlaka ya taifa ya ajira.

Na hapa ndipo namrudia MzeeWaUpanga na wenzake walioko madarakani sasa. Mahali kama Al Marjan pakifunguka, wa kwanza kuondoka watakuwa mainspekta wetu, wale walioiva na waliochoka kungoja. Mtabaki na wanafunzi wa mwezi wa kwanza. Muda wa kuwapandisha ni huu.

---

MzeeWaUpanga

Kijana wangu, nitaupeleka uzi huu kwa ninaowajua. La ngazi nakubaliana nawe. La gari la kufikisha mlangoni nakubaliana zaidi, na lingeweza kufanyika hata wakati wetu.

---

Neema_Kinondoni

Nina usaili Alhamisi, kasino ya hapahapa Dar. Niulize nini?

---

ZamuYaUsiku

Neema, jifunze kwanza jedwali la 35, la 17 na la 8 hadi mara 20, uyaseme bila kufikiri. Wao watakuuliza hayo. Wewe waulize: nyongeza ya usiku imeandikwa kwenye mkataba au imo ndani ya mshahara? Tipu zinagawanywa vipi na nani anashika hesabu? Gari linafika wapi? Nikiondoka kabla ya muda nadaiwa kiasi gani cha mafunzo? Michango ya NSSF inaanza mwezi wa kwanza au baada ya majaribio? Mwisho, pitibosi wa mwisho aliyepanda kutoka udila hapo kwao alipanda lini. Wakikaa kimya kwenye hilo, kazi unaweza kuichukua bado, ila anza mapema kujifunza mchezo wa pili. Dila wa ruleti na wa blakijeki, ule mchezo wa karata, anapata kazi mahali pengine ndani ya wiki.

Ukimaliza usaili rudi hapa utuambie walijibu nini.